Samadi, Mbegu na Kopo la Kura

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama wetu aliyemaliza Kidato cha Nne mwaka 1973, mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, katika bwalo la shule.)



Nilipopata barua ya kunitaka niseme machache juu ya kilimo hai nilifurahi sana. Baadaye nikasoma ajenda ya mchana, nikaona lipo pendekezo kwamba chama chetu kichange fedha ili shamba lote la shule, ekari kumi, liingizwe katika kilimo hai kuanzia msimu ujao, na mbegu zinazopandwa sasa ziachwe zote, zinunuliwe mpya. Nadhani mwenzetu aliyeliandika alitumaini kwamba mimi nitakuwa wa kwanza kuliunga mkono, maana wengi mnajua kuwa shamba langu halijaonja mbolea ya chumvichumvi tangu mwaka 2018. Bwana Mwenyekiti, nimekuja kuuomba mkutano usilipitishe kama lilivyo. Nipeni dakika chache nieleze kwa nini mtu wa samadi anapinga samadi.

Vijana hawawezi kukumbuka, lakini sisi tuliokuwa hapa mwaka 1972, lilipotoka Azimio la Iringa la Siasa ni Kilimo, tulilishika jembe kabla ya kalamu. Asubuhi tulikuwa shambani, mchana darasani, na jioni wengine walirudi shambani kwa adhabu. Mwalimu wetu wa Kilimo alikuwa mtu wa mizani. Kila jambo alitaka lipimwe. Sisi tulimcheka. Tulimwona anapoteza wakati kupima mahindi ya kipande kidogo kando ya barabara ilhali gunia zima zima zinasubiri kubebwa. Nimemkumbuka mara nyingi uzeeni, na sikumkumbuka kwa kicheko.

Kisha ikaja miaka ambayo mikoa yetu hii ya nyanda za juu, Mbeya, Iringa, Ruvuma na Rukwa, ilipewa mbolea kwa bei ya ruzuku ili ilishe taifa. Mahindi yalijaa maghalani, nasi tukasahau samadi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ruzuku ile ikapunguzwa hatua kwa hatua mpaka ikaisha. Mkulima aliyekuwa amezoea mifuko mitatu akabaki na mmoja, na mwingine akabaki na mfuko mtupu wa kukalia. Baadaye ruzuku ilirudi kwa namna nyingine, lakini wengi walikwisha kuanza kutafuta njia ya kulima bila kutegemea duka. Nami nilikuwa mmoja wao, ingawa nilichelewa. Nilikuwa mhasibu Dar es Salaam, nikistaafu mwaka 2015 ndipo nikarudi nyumbani.

Mwaka 2016 nilikwenda Morogoro kwa mafunzo ya kilimo hai. Sijuti hata siku moja. Nilijifunza kutengeneza mboji kwa kupanga tabaka la mabua, tabaka la majani mabichi, tabaka la samadi na udongo kidogo, na kumwagilia maji kiasi cha sifongo iliyokamuliwa. Kijiti kirefu huchomekwa katikati ya lundo. Ukikichomoa baada ya siku chache kikiwa cha moto, kazi inaendelea. Kikiwa baridi na kikavu, ongeza maji. Kikitoa harufu mbaya, lundo limelowa mno, ligeuze. Nilijifunza pia juu ya marejea, mmea ule ambao ndugu zetu wa upande wa Peramiho walihimizwa kuupanda miaka mingi kama mbolea ya kijani. Nilirudi na daftari lililojaa na kifua kilichojaa zaidi.

Msimu wa 2016/17 nikafanya jaribio langu la kwanza. Niligawa ekari yangu ya mahindi sehemu mbili. Nusu ya juu nikatia mbolea ya dukani, nusu ya chini nikatia samadi na mboji. Mbegu ilikuwa ile ile, siku ya kupanda ile ile. Wakati wa kuvuna, nusu ya juu ilitoa gunia 7, nusu ya chini gunia 10. Jamani, nilisema! Nilisema kwenye mkutano wa kijiji, nikasema nje ya kanisa baada ya ibada, nikasema msibani watu wakiwa wameketi kimya. Mhasibu akishapata tarakimu mbili za kulinganisha, nani atamnyamazisha?

Kati ya walionisikia alikuwa dada mmoja jirani yangu, mjane, mwenye ekari moja na watoto wawili sekondari. Kila mwaka alikuwa akijinyima anunue mbolea, naye alikuwa akipata gunia 14 au 15. Msimu uliofuata hakununua. Alichukua samadi kutoka kwenye banda lake, nyingine ikiwa bado mbichi na imechanganyika na mabua makavu, akaifukia toroli ishirini, akapanda. Mahindi yake yalipofika magotini yakageuka manjano. Alivuna gunia 5.

Hakuja kugombana nami. Ingekuwa afadhali angegombana. Alikuja jioni akaketi kwenye gogo pale uani, tukaulizana habari za watoto, kisha akasema: “Kaka, lile shamba lako la chini, si ndipo lilipokuwa zizi la marehemu babu yako?”

Ndivyo ilivyokuwa. Yeye alizaliwa pale kijijini akalelewa pale, alikuwa akipita kando ya zizi lile akienda kisimani. Mimi niliondoka mdogo nikakaa mjini miaka yote ile, nikasahau. Ng'ombe wa babu walilala pale karibu miaka thelathini. Nusu ya chini ingetoa gunia nyingi hata kama ningeimwagia maji matupu. Nilikuwa nimepima zizi la babu yangu, nikalitangaza kuwa ni elimu ya Morogoro.

Nilimpelekea gunia 4 za mahindi. Alizipokea kwa sharti kwamba ni mkopo, na msimu uliofuata alizirudisha zote, jambo ambalo lilinitia aibu kuliko lile la kwanza. Mtoto wake mkubwa alikosa muhula mzima wa shule. Siwezi kuurudisha muhula ule.

Tangu hapo nikakaa chini kutafuta nilikosea wapi, maana lilikuwa zaidi ya zizi. Chukueni hesabu hii, vijana, muifanye wenyewe. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, kile chakula kinacholipa jani rangi ya kijani. Samadi kavu ya ng'ombe zetu, ikiwa nzuri, ina kilo 10 hadi 15 hivi katika tani nzima, na katika hizo sehemu tu ndiyo inayopatikana msimu wa kwanza. Nyingine hutoka polepole miaka inayofuata. Toroli ishirini za dada yangu huenda zilikuwa tani moja. Tena mabua makavu yakifukiwa, vijidudu vinavyoyaozesha navyo vinahitaji naitrojeni, navyo huila kwanza kabla ya mahindi. Ndiyo sababu ya ile manjano. Mambo haya nilifundishwa Morogoro, yamo katika daftari langu. Lakini kwenye mkutano wa kijiji sikuyasema, kwa sababu hayakuwa na utamu wa gunia 10 kwa 7.

Sasa juu ya kupima. Huko Uingereza, mahali paitwapo Rothamsted, liko shamba la ngano liitwalo Broadbalk ambalo majaribio yake yalianza mwaka 1843 na mpaka leo yanaendelea. Ukanda mmoja umepewa samadi kila mwaka tangu wakati huo, mwingine mbolea za viwandani, mwingine haujapewa kitu. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini mwaka 1919 alifika pale kijana wa hesabu, Ronald Fisher, akaanza kuuliza maswali yanayofanana na lile la dada yangu: mmejuaje kwamba ukanda huu haukuwa bora tangu mwanzo? Yeye ndiye aliyefundisha kwamba kila kitu kinachojaribiwa kirudiwe mara kadhaa katika shamba, na kwamba mahali pa kukiweka pachaguliwe kwa kura, si kwa macho ya mwenye shamba. Macho ya mwenye shamba hupenda. Ukiwa unaipenda samadi, mkono wako utaipeleka penye udongo mweusi bila wewe kujijua.

Nilipoelewa hivyo nilikwenda Uyole. Ninyi mnaokaa hapa mnapita pale kwa daladala mkienda mjini, pengine hamjui kuna nini nyuma ya miti ile. Kituo kile kilijengwa kwa msaada wa nchi za Nordiki, na leo ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Kazi yake kubwa mojawapo ni maharage. Uyole 84, Uyole 94, Uyole 96, Wanja, Njano Uyole iliyotolewa mwaka 2008: hayo yote ni majina yaliyozaliwa hapa hapa kwetu, na kila moja lilipita miaka ya majaribio kabla ya mkulima kuambiwa alipande. Nikanunua kilo mbili za Uyole 96, yale mekundu, na kilo mbili za Njano Uyole.

Nikampelekea dada yangu habari kwamba nataka kujaribu tena, na mara hii nataka yeye awe mwamuzi. Alifikiri kidogo akasema atakubali kama maharage yake naye yataingia. Anayo maharage madogo ya rangi ya udongo aliyoachiwa na mama yake. Ya nne yakawa yale niliyokuwa nikipanda mimi, niliyoyanunua sokoni nisijue hata jina lake.

Machi 2019 tulipima vipande 24. Kila mbegu ilipata vipande vitatu vyenye samadi iliyoiva na vitatu bila kitu. Kipande kimoja kilikuwa na mistari minne yenye urefu wa mita 5, nusu mita kati ya mstari na mstari, na sentimeta 20 kati ya shimo na shimo, mbegu mbili kila shimo. Tuliandika vikaratasi 24, tukavitia katika kopo la maziwa, na mjukuu wake wa miaka sita akavitoa kimoja kimoja. Mahali lilipokuwa zizi hatukupakanyaga.

Wakati wa kuvuna tulivuna mistari miwili ya katikati tu, maana mistari ya pembeni hupata jua na nafasi zaidi ikadanganya. Mistari miwili ile ni mita 5 za eneo. Ukipata nusu ya kilo ya maharage makavu pale, ni sawa na kilo 1,000 kwa hekta, au kilo 400 hivi kwa ekari. Kabla ya kupima tulihakikisha yamekauka. Chukua chupa kavu, tia chumvi kavu kidogo na maharage kiganja kimoja, funga, tikisa, acha dakika kumi. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha maharage juani. Kilo ya maji ni kilo pia, na mizani haiwezi kukuambia ni ya nini.

Nitawaambia tulichokiona, lakini sitawapa tarakimu zote, kwa sababu ni za shamba langu na msije mkazitangaza msibani. Kwenye samadi, mbegu mbili za Uyole ziliongoza, hasa Njano. Penye udongo mtupu usio na kitu, maharage ya mama yake dada yangu yalizipita zote tatu. Ile ya sokoni haikuongoza popote. Nilitaka kufunga daftari. Dada akasema, “Mwaka mmoja, kaka? Tena ulishasahau?”

Basi tukarudia. Mwaka 2020 mnakumbuka mvua ilivyokuwa. Majani ya maharage ya asili yalijaa madoa mpaka yakadondoka kabla ya wakati, na ubora wao wa udongo mtupu haukuonekana. Zile za Uyole zilistahimili zaidi. Mwaka 2021 hali ikarudi karibu na ile ya mwanzo. Kama tungejaribu mwaka 2020 peke yake, maharage ya mama yake yangeishia kwenye chungu na mbegu isingebaki. Kama tungejaribu 2019 peke yake, angepanda ya asili shamba zima na 2020 ingemkuta tena.

Jambo jingine lilikuwa la jikoni, na hapo mimi sikuwa na kauli. Alizipika mbegu zote nne siku moja, kwa vyungu vinne na kuni za kufungwa sawasawa, akaandika ipi imeiva kwanza. Majirani walionja bila kuambiwa ipi ni ipi. Mtafiti anaweza kukupa mbegu ya kujaza gunia, lakini ikila mzigo wa kuni, nani ataipanda mara ya pili? Leo dada yangu anapanda Njano kwenye sehemu yake yenye samadi kwa ajili ya soko, na yale madogo ya mama yake sehemu ya mlimani kwa ajili ya chungu chake. Ekari yake ya mahindi aliigeuza kuwa ya kilimo hai robo kwa robo, kwa muda wa miaka minne, akianzia pale samadi yake ilipotosha. Mwanawe mkubwa alirudi shule akamaliza.

Kwa wale watakaouliza kama kilimo hai kinalipa: huko Kenya, Chuka na Thika, majaribio marefu yalianza mwaka 2007 kulinganisha mifumo hii miwili kwa haki, na kule Chuka mahindi ya kilimo hai yaliyolishwa vizuri yalikaribiana na yale ya mbolea za viwandani. Angalieni neno “yaliyolishwa vizuri.” Mwaka huo huo wa 2007 nchi za Afrika ya Mashariki zilikubaliana kanuni moja za mazao hayo, na alama yake ya Kilimohai mnaweza kuiona madukani. Mimi ni muumini. Ninachokataa ni kuwafanya vijana wa bwalo hili wawe wajane wa hotuba yangu ya pili.

Nasema hivyo kwa sababu ekari kumi, kwa tani tatu tu za samadi kila ekari, zinataka tani 30. Ng'ombe wa shule ni watano. Hata tukikusanya kila kinachoanguka na kukifunika kisinyeshewe, sioni tukipata tani kumi za samadi iliyoiva kwa mwaka. Ekari nyingine zingelima kwa imani, na ugali wa muhula wa pili hautoki kwenye imani. Tena maharage ya shule yamepandwa hapa miaka mingi; hakuna ajuaye yamezoea nini. Maharage hujichavusha yenyewe, kwa hiyo mbegu yake hubaki safi ukiitunza, lakini ukiila yote hakuna duka litakalokurudishia. Pendekezo linasema yaachwe. Naomba kwanza yapimwe.

Kwa hiyo marekebisho yangu ni haya. Ekari mbili ziingie kilimo hai msimu ujao, hizo tunaweza kuzilisha. Nane zibaki kama zilivyo mpaka malundo ya mboji yaongezeke. Na Kidato cha Tatu wapewe vipande 24 vya maharage kama nilivyoeleza, kwa muda wa miaka mitatu, vidato vikipokezana daftari. Eneo lenyewe ni mita 240, ukiongeza njia haufiki kiwanja cha mpira wa kikapu. Fedha inayobaki inunue mizani nzuri, futi kamba mbili na chupa za chumvi. Mizani ya mwalimu wetu, nimeuliza ofisini, haijulikani ilikwenda wapi.

Bwana Mwenyekiti, asubuhi hii nilitembea shambani na vijana wawili tukitafuta mahali pa kupima. Wakanionyesha kwa furaha ile kona iliyo nyuma ya jiko la zamani, kwamba hapo mahindi hustawi kuliko kwingine. Wazee wenzangu mnacheka kwa sababu mnajua ni kwa nini: ndipo tulipomwaga majivu na makombo miaka yote ile, na mengine nisiyoyataja mbele ya walimu. Kona hiyo iachwe nje. Kopo la kura ninalo hapa, na vikaratasi nimeshavikata.